Jiwe Ndani ya Gunia la Changu

Katikati ya gunia la samaki lililotoka Pwani tulikuta jiwe. Lilikuwa jeupe, lenye matundu kama sega la nyuki, kubwa kiasi cha kichwa cha mtoto, na lilikuwa limefungwa kwa kipande cha kanga kama kitu cha thamani. Mama mwenye nyumba alilifungua akiwa amechuchumaa uani. Akaliangalia, akaangalia na samaki waliokuwamo, ambao hawakujaza hata karai, kisha akasema, "Ndugu yangu ameniibia."

Hayo yalitokea Kitale, miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuwa vitu vya kawaida lakini salio bado lilikuwa anasa. Mimi, mwandishi wa gazeti, nilikuwa nimepanga chumba katika ploti yake, nyuma ya msikiti. Alifika mjini humo akiwa bibi harusi kutoka Pwani, mumewe akafariki, naye akabaki. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, mdogo wake wa kiume, ambaye yeye ndiye aliyemlea, alimtumia gunia la ng'onda kwa basi: samaki aina ya changu waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani. Huyo ndugu alivua kwa dema, mtego wa kusukwa unaozamishwa kando ya matumbawe. Wateja wa gunia hilo walikuwa watu wenye asili ya Pwani walioko Kitale na Bungoma. Kwao, kufuturu mwezi mzima bila mchuzi wa ng'onda ni kama kutofunga. Walichouza, dada na ndugu waligawana, na ndivyo walivyoendelea kuwa ndugu ingawa walikaa miaka bila kuonana.

Mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa dalali wa mahindi. Alitoka na mswaki mdomoni kuja kuona kelele ni za nini.

"Ah, mama, hii si tunaijua," akasema. "Mali safi juu, mali safi chini, katikati jiwe. Hata mimi juzi nimeletewa gunia kutoka Kachibora, nikatoa tofali mzima, bana."

Wapangaji wote wakacheka. Kitale jiwe ndani ya gunia lina maana moja tu, na kila mtu anaijua tangu utotoni. Nikauliza jiwe lingemfaidi nini mtu asiyeuza kwa kilo. Dalali akanitazama kwa huruma. "Ni gunia lionekane limejaa. We andika habari zako tu."

Mama akaamua kumpigia ndugu yake papo hapo. Kwa kuwa hakuviamini vitufe vya simu, alinipa mimi niishike, akaniamuru niweke sauti ya juu ili asipitwe na neno.

"Wee! Mimi siku hizi nimekuwa muuza kokoto?"

"Dada, salamu kwanza."

"Salamu na jiwe lako!"

"Si jiwe hilo, dada. Ni tumbawe. Limekufa. Pale ninapotega yote yamekuwa hivyo. Nilijua nikikwambia kwa mdomo hutaamini, nikasema basi uone kwa macho yako."

"Jiwe hufa?"

Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kujieleza kwa wengi. Jua lilikuwa kali kupita kiasi, na maji ya karibu na ufuo yakapata joto yasiachie. Yalikuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Matumbawe yakapauka, mengine yakaota mwani. Changu wakahama, wakateremkia kwenye maji ya baridi ambako dema lake halifiki. Hao wachache aliotuma ndio wote aliopata.

"Bahari nzima ipate moto!" Mama akapiga kofi. "Kwa jiko la nani?"

Dalali akaangua kicheko.

"Nani huyo anacheka?" ndugu akauliza. Kisha, kwa sauti ya chini, "Dada, umeniweka hadharani?"

Kabla hajajibiwa, salio letu likaisha.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimetoka Kachibora, ambako mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Hapakuwa na mtu aliyewauliza wakulima wale kama ni wavivu au wezi. Kila aliyepita aliinua macho, akasema, "Hili jua," basi maneno yakaisha. Niliandika hivyo, na gazeti likachapisha hivyo. Lakini jua lilelile likiangukia bahari, mvuvi anaitwa tapeli, tena na mtu aliyemlea.

Nikampigia mhariri wangu, nikamwambia nina habari ya joto la bahari.

"Uko wapi?" akauliza.

"Kitale."

"Kitale bahari iko wapi?"

Nikamwambia samaki wanaliwa huku, na wamepungua huku.

"Basi niandikie bei ya omena."

Nikamkumbusha kwamba omena hutoka ziwani. Akasema samaki ni samaki, nimletee mahindi.

Kila Ijumaa Mama alipeleka bidhaa yake Bungoma, akaipanga karibu na msikiti watu wakitoka kuswali. Kwa kuwa kwetu ni Kabuchai, mara nyingi tulisafiri pamoja, nikamsaidia kubeba karai hadi mahali pake kabla ya kuendelea nyumbani. Ijumaa ya kwanza baada ya lile gunia alisimulia kisa chote, na alisimulia vizuri sana, kwa ishara za mikono. Ijumaa iliyofuata tulikuta kisa kimeshafika kabla yetu.

"Mama samaki! Leo ni changu ama ni kokoto?"

"Ndugu yako amekuwa fundi wa nyumba? Mwambie atuletee na mchanga!"

Alicheka nao. Kisha mwanamke mmoja, akichagua samaki wake na kuwageuza mmoja mmoja, akasema bila ubaya wowote, "Lakini huyo ndugu yako ni mwizi, mama, tusifichane."

Mkono wa Mama ukasimama juu ya karai. "Ndugu yangu mwizi? Nani kakwambia?"

"Si ni wewe? Ijumaa iliyopita, hapa hapa."

Alimfungia samaki wake kwenye gazeti, na nadhani lilikuwa lenye habari yangu ya Kachibora. Baada ya hapo hakumtania mteja yeyote. Wateja walipokwisha, akaniita.

"Hebu nieleze tena, mwanangu. Jiwe linakufaje?"

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kusoma kidogo katika maktaba ya mji. Nikamwambia tumbawe ni nyumba iliyojengwa na vijidudu wengi sana, na kwamba ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayowapa rangi na kuwalisha. Maji yakipata joto kupita kiasi, mimea hiyo hutoka. Vijidudu hubaki weupe, na njaa.

"Na mimea ikirudi?"

"Joto likishuka mapema, wanaweza kupona."

"Likikawia?"

Nikaanza kukunja magazeti yaliyobaki. Akatazama mikono yake yenye chumvi. "Kwa hiyo lile jiwe liliwahi kuwa hai," akasema. "Akalifunga kwa kanga, akanitumia, na mimi nikamchekesha yule dalali."

Jioni hiyo alimpigia ndugu yake. Hakupokea. Alimpigia tena siku zilizofuata, ikawa hivyohivyo. Bungoma alijaribu kuwarudisha watu nyuma, akawaeleza habari za joto na vijidudu, lakini kisa cha kwanza kilikuwa kitamu kuliko cha pili. "Ati bahari imepata homa!" walisema, wakishikana mabega kwa kicheko. "Huyo amekupiga chenga, mama." Wengine walikuwa wakulima, na shingo zao zilikuwa zimebabuka kwa jua lilelile. Nilijaribu kuingilia mara mbili tatu, nikaacha. Mtu hachoki kueleza kama anavyochoka kuchekwa.

Ndugu alipokea simu siku ya Idi, kwa sababu siku hiyo haikuwezekana kukataa. Mama aliomba radhi, nami nilimsikia kutoka chumbani kwangu, kwani nilikuwa nimemwekea sauti ya juu nikamwachia simu. Akajibiwa salamu, akaulizwa afya, basi.

Mwaka uliofuata Ramadhani ikakaribia bila gunia. Dalali alikuwa amehama. Jiwe lilikuwa juu ya meza ya Mama sebuleni, limekaa juu ya gunia tupu lililokunjwa, na hakuruhusu mtu alisogeze hata wakati wa kufagia. Jioni moja simu ililia, nikasogea nimshikie kama kawaida. Akanizuia kwa mkono. Alikuwa amejifunza kuisogeza sikioni mwenyewe, na sauti ya juu hakuitaka tena.

Kwa hiyo nilisikia upande mmoja tu.

"Matumbawe yamerudi na rangi?... Rangi gani?... Yote?... Ah, ya upande huo tu." Akasikiliza kwa muda. "Na changu?"

Alipomaliza, aliishika simu mapajani, nikauliza ndugu amesemaje.

"Anasema ametega dema palepale," akaniambia. "Bado hajalitoa."