Hofu ya Mwalimu Akwero iko uvunguni mwa gari

Saa tatu asubuhi, katika karakana ya shule moja ya sekondari karibu na reli ya Namuwongo, Kampala, Akwero analisukuma gari kwa bega. Anazunguka, analisukuma kwa nyuma. Gari limeinuliwa na kukalishwa juu ya stendi nne za chuma. Halisogei. Anaanza tena.

"Madamu, hii ni mara ya nne," anasema mwanafunzi mmoja.

"Hata ikiwa ya kumi. Nyinyi rudini nyuma ya mstari."

Wanafunzi thelathini na wanne wanarudi nyuma. Hakuna anayecheka. Wengi wao walikuwepo siku ile.

Akwero, mwenye umri wa miaka 41, amefundisha ufundi wa magari kwa miaka tisa. Alizaliwa katika kambi ya jeshi, ambako baba yake, Mwacholi kutoka Gulu, alikuwa fundi wa malori. Kiswahili na spana alivipata huko huko. Baadaye alifanya kazi gereji moja ya Katwe, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na wawili, hadi shule ilipomwita.

Februari mwaka jana, mwanafunzi wake Oyet, wakati huo akiwa na miaka kumi na sita, aliingia chini ya gari lililokuwa limeshikiliwa na jeki tu. Stendi zilikuwa bado ukutani. Akwero alikuwa amewapa wanafunzi kisogo, akiandika ubaoni.

"Nilisikia kishindo kimoja, si kikubwa," anasema. "Nilipogeuka niliona viatu tu. Havikutikisika."

Wanafunzi wenzake walilikamata gari kwa mikono mitupu wakaliinua. Oyet alivunjika mbavu nne na nyonga, akalazwa wiki saba.

"Hakunilaumu. Mama yake pia hakunilaumu," anasema Akwero. "Mtu akikulaumu, unajua amemaliza. Hawa wamenyamaza. Kila siku nangoja."

Leo Oyet anarudi uvunguni. Mwezi ujao lazima afungue stata, mota ya kuwashia injini, kutoka chini ya gari mbele ya mtahini, la sivyo hapati cheti. Mama yake, Aol, askari polisi, ameomba ruhusa kazini. Amesimama mlangoni na sare zake, mkono mmoja umeushika mwimo wa mlango.

"Nimelinda benki, nimelinda uchaguzi," anasema. "Woga wa leo sijui niuweke wapi."

Oyet analala chali juu ya kipande cha boksi, anajisukuma kwa visigino. Kichwa kinaingia, kifua kinaingia. Akwero anachuchumaa kando ya gurudumu.

"Ongea na mimi. Usinyamaze hata kidogo."

"Nafungua bolti ya kwanza, Madamu."

"Enhe. Halafu?"

"Imekaza."

Hapo treni ya mizigo inapita. Sakafu inatetemeka, spana zinagongana mezani, na mahali fulani chini ya gari chuma kinalia. Oyet anaacha kuongea.

"Toka!" Akwero anapiga kelele. "Oyet, toka!"

Hatoki. Aol ameshauacha mlango, ameuvuka mstari, yuko magotini. "Wewe mtoto, mjibu mwalimu wako!"

Mabehewa hayaishi. Msichana mmoja ameziba macho kwa viganja. Wavulana wanne wameshalishika gari pembeni, tayari kuinua, bila kuambiwa na mtu.

Behewa la mwisho linapita.

"Madamu, treni ilinizibia masikio," sauti inatoka chini. "Imebaki bolti moja."

Akwero anaketi sakafuni, juu ya oili.

Dakika kumi baadaye Oyet anatoka na stata kifuani. Anakiri kwamba mdomo ulimkauka tangu alipolala chini. Mama yake anampapasa mbavu, moja baada ya nyingine, mbele ya watu wote, naye anamwacha.

Wanafunzi wanapokwenda kunywa chai, Akwero anafunga mlango na kumwambia mwandishi jambo ambalo, kwa maneno yake, hajamwambia hata mumewe.

"Tangu siku ile, mimi mwenyewe sijaingia chini ya gari. Nachuchumaa pembeni na tochi, naelekeza. Wanafikiri nawapa nafasi wajifunze."

Uongozi wa shule umekubali ombi lake la kuchimba shimo la kukagulia magari, ili fundi afanye kazi akiwa amesimama. Kazi itaanza likizo ijayo. Lakini Jumatatu, kabla ya hapo, kidato cha tatu kinaanza somo la uvunguni.

"Nitaingia mimi kwanza," anasema, akifuta mikono. "Wao ndio watakaokagua kama gari limekaa sawa. Na kabla sijalala pale, nitawaambia ukweli, kwamba naogopa."