Mashavu ya Senge

Senge, yaani dada yake baba, alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Funyula, na mwaka ule alinenepa hadi wenzake wakamwonea wivu. "Mama, umenawiri," walimwambia, naye akicheka uso mzima unajaa mashavu. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya homoni na mifupa hapa Busia. Mashavu yale sikuyapenda hata kidogo.

Kisha akainua beseni la omena, beseni tu la kila siku, mgongo ukaalika. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa mmoja wa uti wa mgongo umebonyea.

Nikamleta kliniki kwetu, ambako tuna utafiti wa mifupa na kila mgonjwa anaulizwa anameza dawa gani. Senge akasema hamezi dawa yoyote. Jibu hilo nimelizoea, kwa hiyo nikamuuliza anatumia vitamini gani. Hapo akafungua leso, akanionyesha vidonge vidogo vilivyofungwa kwa gazeti, alivyonunua ng'ambo Uganda kwa ajili ya magoti. Huku kwetu dawa ni ile ya hospitali. Kinachokunenepesha utakiitaje dawa?

Nilikasirika, ila si kwake, kwa aliyemuuzia. Daktari wetu akamweleza taratibu: vidonge hivyo vinafanya kazi ya homoni ambayo mwili hujitengenezea, na huku vinakula mifupa. Mwili umezoea kuletewa, umeacha kutengeneza. Akiendelea, mifupa itakwisha. Akiacha ghafla, anaweza kuanguka akafa. Njia ni kupunguza kidogo kidogo, kwa vidonge vya hospitali, miezi mingi, huku tukimpima.

Akapunguza. Maumivu yakarudi kiasi, mashavu yakashuka, gauni likaanza kumpwaya. Sasa, mpaka huu wetu ni wa malori na madereva, na tumezika wengi waliokondeshwa na ukimwi. Mtu akikonda hapa haulizwi anaumwa nini, anaangaliwa tu. Wateja wakahamia kwa jirani yake sokoni. Kwenye matanga fulani mama mmoja alimnong'onezea mwenzake, na senge akasikia.

Siku moja nilimkuta kwake ameshika kidonge chake cha asubuhi, nusu, kama alivyoagizwa. Kando yake palikuwa na pakiti mpya ya ng'ambo.

"Nivirudie mwezi mmoja tu," alisema. "Uso urudi kidogo."

"Senge, wacha mchezo." Aki nilitaka kuvitupa chooni mbele yake.

Hakubishana. Aliuliza tu, "Nikifa nimekonda hivi, utasimama kwa mazishi uwaambie ilikuwa mifupa?"

"Hutakufa, senge."

"Sijakuuliza hilo."

Miaka yote hii ya kliniki, hakuna mgonjwa aliyewahi kuniomba kitu kama hicho.

"Nitasimama," nikasema. "Nitawaambia."

Akanisukumia ile pakiti, akameza ile nusu ya kidonge kwa maji.