Majibu Mfukoni mwa Baba

Jana nimerudi kazini nimechoka, hata kuvua viatu naona kazi. Sebuleni mwanangu anatazama shindano la maswali kwenye televisheni, simu mkononi. Mtangazaji hajamaliza kuuliza, yeye keshaiuliza simu, keshajibiwa na keshasahau. Nikaketi, nikamkumbuka baba.

Wewe uliyekulia mtaa wenye televisheni moja utanielewa. Kwetu, huku nyuma ya kiwanda cha saruji cha Wazo, ilikuwa kwa mama jirani. Jumapili jioni tunavua kandambili mlangoni, tunajaa mkekani, naye anatugawia kashata. Shindano likianza, alikuwa na sheria yake: anayejibu kabla ya mshindani anapanda kukaa kwenye kochi. Wengine chini, hata awe mwalimu.

Baba alikuwa mbeba mifuko kiwandani, shule aliishia darasa la nne, lakini hakuna kipindi alichokimaliza akiwa mkekani. Mji mkuu wa Burkina Faso? "Wagadugu," anasema taratibu, huku akijipangusa vumbi la saruji kwenye nyusi. Mwalimu wa mtaani kwetu anajipiga paja: "Mzee, si ukashindane bwana! Unaiachia zawadi ya gari hivi hivi?" Baba anacheka tu. Mie shuleni nilivimba kichwa wiki nzima.

Mpaka siku nilipofua shati lake. Mfukoni nilikuta kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, kimeandikwa kwa penseli: juu "Alhamisi", chini yake Wagadugu na majibu mengine yote ya Jumapili iliyopita, moja baada ya jingine. Ndipo nilipoelewa. Shindano lilikuwa linaonyeshwa kwanza Alhamisi mchana, baba akiwa kantini ya kiwandani, penye televisheni. Jumapili ilikuwa marudio, na mtaani hakuna aliyejua, maana Alhamisi mama jirani anashinda gengeni, mlango kaufunga. Nililia juu ya beseni kwa hasira. Shati lilipokauka, nikakikunja kile kipande na kukirudisha mfukoni.

Njia ya mwongo ni fupi, bibi alikuwa akisema. Jumapili moja marudio hayakuwekwa, likaja shindano jipya kabisa. Swali la kwanza, watu wote wakamgeukia baba. Baba akajipangusa nyusi. La pili, wakamgeukia tena.

"Vipi mzee, leo umelala?" mwalimu akatania. Baba alikuwa anatazama viganja vyake. Niliona aibu kuliko yeye, na hasira yote ikaniisha.

La tatu likawa: mfupa mdogo kuliko yote mwilini uko wapi? Tulikuwa tumefundishwa shuleni wiki ileile.

"Sikioni!" nikapiga kelele.

"Haa! Nani kakufundisha wewe?" mama jirani akauliza.

"Baba."

"Basi kochi ni la baba yako."

Baba akapanda polepole, kama mtu anayeumwa magoti. Hakunitazama. Na tangu siku hiyo hakwenda tena. Alisema vumbi limemchosha kifua.

Nyumba ya mama jirani sasa ni fremu za maduka. Msibani kwa baba, mwalimu aliwaambia watu kwamba mzee alikuwa kichwa. Niliitikia. Lakini siku ile shati lilikuwa limefuliwa na karatasi ilikuwa kavu. Lazima alijua kuna mtu aliisoma. Miaka yote tuliyokaa naye sikumuuliza, naye hakusema.

"Mama, uliza swali lolote," mwanangu akaniambia jana, ananyoosha simu. "Hii inajua kila kitu."

"Nimechoka, baba," nikamjibu. "Zima tulale."