Alikuwa Anacheza Ngoma, Mimi Nikamfunga Kamba

Jamani, mimi ndiye mwanamke aliyemfunga mume wake kamba kama kichaa, naye ana akili zake timamu. Anayetaka kunitukana anitukane, mimi mwenyewe nimeshajitukana mpaka matusi yameniishia.

Tunakaa Buzuruga. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Soko lilipofanywa huria, mitumba ikajaa kila kona na vitenge vya kiwandani kwao vikakosa mnunuzi. Wafanyakazi wakapunguzwa, na yeye akiwemo. Siku hiyo alirudi na ovaroli yake mkononi, akala ugali wote, akalala kama mtoto mchanga.

Usingizi huo ndio ulioniudhi! Mimi nilikuwa nakodolea macho mabati mpaka alfajiri, na kukicha nagombana na kuku. Nilifagia uwanja mpaka nikaanza kuchimba ardhi. Kwenye kwaya ya kanisani nilikuwa naimba huku nasaga meno. Mtu akiniuliza habari, namjibu "nzuri" kwa sauti ya mtu anayekabwa. Niliona hizo ndizo tabia za mtu mwenye akili zake.

Yeye akajiunga na wacheza ngoma wa Kisesa. Wanacheza bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma ya majembe: unarusha jembe juu, unatikisa mabega, unalidaka. Fundi mzima wa kiwanda, kitambi mbele, njuga miguuni, jembe mkononi na shamba hana! Jioni anarudi kajaa vumbi, ananisimulia nani kadondosha jembe, anacheka mpaka machozi. Nikamwuliza kama haoni tulivyoharibikiwa. Akasema anaona, ndiyo maana anacheza.

Sikumwelewa. Majirani walipoanza kuulizauliza, nikaamua kwamba karogwa. Hata sikujiuliza ni mchawi gani huyo anayeroga mtu ili alale vizuri.

Nikapanda gari hadi Magu kwa kaka zangu wawili, na huko nikatia chumvi mpaka chakula kikawa kichungu. Nikasema anaongea peke yake. Nikasema anawatishia watoto kwa jembe. Uongo mtupu! Watoto wenyewe, mapacha wetu Kulwa na Doto, walikuwa wanamsubiri mlangoni awafundishe kulirusha.

Tulimkuta Kisesa, ngoma imepamba moto. Kaka zangu wakaingia katikati ya uwanja, wakamkamata mikono, wakamlaza chini. Watazamaji wakapiga vigelegele, walidhani ni sehemu ya mchezo. Mzee mmoja pembeni yangu akamsifia kaka yangu mkubwa kwamba anaigiza vizuri sana. Kaka zangu walipotoa kamba ndipo watu wakanyamaza, na mpiga ngoma akaacha.

Baba Kulwa hakupigana. Alizungusha uso wake wenye vumbi akitafuta, mpaka akaniona.

"Mama Kulwa," akasema, "mimi nilikuwa napumua tu."

Na mimi nikawaambia kaka zangu wakaze.

Tukampeleka Magu kwa mganga, tukamwacha huko; mganga akamnyoa, akamfukiza, akamnywesha dawa za kutapisha. Nilipokwenda kumchukua alikuwa amekonda, mpole, kila unachomwambia anajibu "sawa". Mganga akatangaza kwamba amepona. Nami nikashukuru, mjinga mimi!

Basi kweli amepona. Hacheki. Kazi alipata, analinda ghala la pamba, anakwenda na kurudi, kisha anakaa kwenye kigoda anatazama ukuta. Kitandani tuko macho wote wawili, kila mmoja anamsikiliza mwenzake akijigeuza. Watoto wakianza kuchezacheza uani, anaingia ndani. Wenzake wa ngoma walikuja kumwita, wakazungumza naye kwa heshima, akawaambia magoti yanamsumbua. Magoti yake ni mazima. Anaona aibu kusimama pale alipoangushwa huku watu wanashangilia.

Juzi nilimpigia magoti. Nikamwambia aliyekuwa mgonjwa ni mimi, na kwamba nilishindwa kuvumilia kumwona ana nafuu peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila usinitafutie tena dawa."

Akageukia ukuta wake.

Ndugu yangu unayesoma, mwenzako akipata pa kutua mzigo, hata kama pana vumbi na kelele, mwache. Na wewe dhiki ikikubana, fungua mdomo useme imekubana. Mimi sikuweza kusema. Nikaona afadhali tubanwe wote wawili, na katika hilo nimefanikiwa.