Beseni la Mama

Kazi yangu maabarani ni kutafuta plastiki ya kutengenezea moyo wa bandia: isipasuke, wala damu isigande juu yake. Nilipomweleza mama, kule kwetu Kichiwa, alikuwa anaziba ufa wa beseni la plastiki kwa kisu alichokipasha moto jikoni. Moyo wake mwenyewe ulishachoka. Aliziba kidogo, akapumzika.

“Na hiyo ya kifuani ikipasuka, mwanangu, nani ataiziba?”

Nilimjibu vibaya. “Haya mambo huyawezi, mama.”

Niliporudi kazini, damu iliganda tena kwenye plastiki yangu. Mama akafariki kabla sijapata nyingine. Tulipotoka makaburini, watu walinawa mikono kwenye beseni lile. Halikuvuja hata tone.