Stoo ya Baridi ya Nunzio

Zamani watu wa mtaa mmoja wa Toronto walishuka chini ya nyumba kukimbia joto, na siku hizi wanapangishwa huko huko chini waokwe. Nunzio Carbonetti, fundi matofali mstaafu, aliijenga nyumba ile mwenyewe, akaiuza alipofiwa na mkewe, na sasa alikuwa mpangaji wa chumba chake cha chini. Stoo ya baridi aliyoichimba kuwekea divai, mwenye nyumba mpya aliipigilia mbao mlangoni.

Mchana mmoja wa mwisho wa Agosti pumzi zikawa zinamkatika. Akampigia simu mwenye nyumba.

"Fungua ile stoo, kijana, nitakufa humu."

"Mzee, humo kuna panya tu. Washa feni."

"Feni yako inanipulizia moto!"

Simu ikakatwa. Nunzio akachukua nyundo, akazing'oa mbao.

Baridi ikampiga usoni pamoja na harufu ya divai, ingawa mapipa yalikwisha kutolewa miaka mingi nyuma. Mkewe Filomena na kaka yake mwenyewe Ottavio, aliowazika wote wawili, walikuwa wamekaa juu ya makreti wakimenya nyanya.

"Mtazame alivyochakaa!" Ottavio akacheka.

"Ingia ufunge mlango, bwana wee," Filomena akasema. "Unatutolea baridi."

Nunzio akainua mguu. Ndipo akaliona kreti la tatu, tupu, na juu yake kisu chake mwenyewe.

"Bado," akanong'ona, akaanza kuurudisha mlango. Kabla mlango haujafungika, akamwona Filomena akilivuta lile kreti tupu karibu na lake.