Taya la Mama Yake Baba

Ninyi mlioketi hapa kumngoja daktari, mmefunika shavu kwa leso, mimi pia nilikuwa na yangu, ya maua. Naitwa Wawira, mchuma chai wa Kibugu. Zamani nilitafuna mahindi ya kuchoma bila wasiwasi, na kwa maneno sikushindwa na mtu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Basi baba yangu, mzee Njeru, ananiita Mama tangu nizaliwe. "Mama, umeamkaje?" Nimezoea hivyo.

Ilianza na jino. Gego la chini, upande wa kushoto, lilianza kucheza. Likang'olewa kwenye kliniki pale Manyatta, kidonda kikakataa kupona, taya likaanza kuvimba. Halikuuma. Hiyo ndiyo hila yake, maana kisichouma sisi wakulima hukiambia kingoje majani yaishe shambani, na majani ya chai hayaishi. Uvimbe ukafika ukubwa wa kiazi. Meno mengine yakalegea, mate yakanitoka nikiongea, nikabaki kunywa uji. Majirani walinisalimia wakiangalia miguu yangu.

Baba naye akaacha kuniita Mama. Akawa ananiita Wawira, kwa adabu, kama mgeni. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Huko Embu mjini nilitumwa kwa daktari wa upasuaji wa uso. Ukutani alikuwa na picha za watu aliowatengeneza: aliyeungua kwa mafuta ya taa, aliyeng'atwa pua na mbwa, watoto waliozaliwa mdomo umepasuka. Akanibonyeza taya, akasema, "Si saratani, lakini uvimbe huu hautaacha kula mfupa. Nitakata hapa, nichukue mfupa mwembamba wa mguu wako, nikujengee taya."

"Kwa hivyo nitatafuna kwa mguu?"

Akacheka. Akaomba picha yangu ya kabla ya ugonjwa. "Wengine huniletea picha za warembo wa runinga, wanataka kidevu kilichochongoka," alisema. "Mimi nasema uso mzuri ni ule ambao watu wako hawaulizi ni wa nani."

Baba ndiye aliyetumwa nyumbani kuileta. Akarudi na picha kuukuu ya mama yake, masikio yametobolewa, taya pana.

"Mzee, nilitaka ya binti yako."

Baba akashangaa kweli. "Si ndiye huyu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini daktari aliishika picha karibu na shavu langu lisilovimba, akatazama, akatazama tena. "Mzee hajakosea," akasema. "Taya ni hili hili." Akabaki nayo.

Niliamka na mpira shingoni wa kupumulia, mwingine puani wa kulishwa, mguu umefungwa bandeji. Sauti hakuna. Uso ulikuwa umevimba hadi jicho likafumba. Mpaka leo mdomo wa chini una ganzi, na kovu ni hili, kutoka sikioni hadi kidevuni.

Uvimbe uliposhuka, nikarudishwa nyumbani. Baba alikuwa mlangoni. Akanitazama kidogo tu.

"Mama," akasema, "ulikuwa umeenda wapi?"

Nililia, mate na makamasi pamoja. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na mguu wangu pia naushukuru.

Basi uvimbe usiouma usiupe msimu hata mmoja. Na wewe wa pale nyuma, toa hiyo leso, tusalimiane.